Gange

Arafa kaja na daftari la skuli, kalamu kinywani.
"Shangazi, mwalimu katupa neno: gange.
Tuandike maana zake. Zote."
Nikamwambia kaa, sogeza huo ungo wa mchele,
zote hazimo nyumbani humu, lakini baadhi zimo.

Andika: gange ni jiwe.
Si jiwe la kumrushia mtu akaumia,
ni jiwe laini, jeupe, linalokubali ukucha.
Likitoka shimoni ni kama muhogo ulioiva,
likikaa juani hujifunza ugumu polepole.
Babu yako Machano alilijua kwa ulimi:
alilamba kipande, akatema,
akasema, "Hili bado lina bahari ndani,"
akalitupa.

Andika pia: tugange.
Hapo jiwe halimo. Au limo, sijui.
Hapo ni kufunga kilichovunjika,
kama mguu wa Bi Kazija ulivyofungwa
kwa vijiti vinne na pindo la kanga kuukuu.
Gango likakaa siku arubaini, mfupa ukashika,
ukashika upande. Mpaka anakufa
alitembea kama mtu anayesikiliza kitu chini ya ardhi.

Na kuna kuganga njaa:
alfajiri, mwiko na timazi kikapuni,
babu yako akitomea kuta za watu,
vijiwe vidogo katika nyufa za mawe makubwa.
"Makubwa hugombana," akisema,
"madogo huingia kati."
Alilipwa kwa siku, kwa hivyo aliingia kati taratibu sana.

Jiwe jengine hakulitomea yeye.
Lilikuwa ndani ya figo la kushoto.
Daktari akaiinua picha dirishani:
doa jeupe, dogo kama punje ya mtama.
Mzee akalitazama kwa jicho la kazi.
"Gange hiyo?" akauliza.
Daktari hakucheka. Mie nilicheka,
mpaka leo naona haya.

Hilo usiliandike.

Siku ya arubaini yake, sinia za pilau zikiwa kati,
watu walisema: yaliyopita si ndwele.
Walimwambia baba yako, wakaniambia na mie.
Msemo mzuri, unayeyuka mdomoni kama haluwa,
ila haumtaji anayetakiwa kuanza.
Ussi akataka nyumba hii ya Kajificheni iuzwe,
mie nikataka isiuzwe,
na miaka tisa tukapishana vichochoroni
kila mtu akiusoma ukuta wa upande wake.

Masika ya juzi pembe ya jiko ikaanguka.
Usiku, kishindo kama gunia la nazi limemwagwa.
Asubuhi tundu la kupita punda,
na ndani ya unene wa ukuta, kumbe,
kati ya mawe aliyoyapanga yule mzee fundi,
kigae cha bilauri, kifungo cha koti,
nusu ya kitana cha mama:
vitu alivyotomea siku kokoto zilipomwishia.

Baba yako akaja na ndoo ya chokaa.
Hakupiga hodi, mlango wa kubisha ulikuwa haupo.
Hakusema yaliyopita, hakusema yajayo.
Alisema, "Maji yako wapi?"
Nikampa. Akachanganya vibaya, nyepesi mno,
babu yako angeilamba akatema.
Nikampokeza vijiwe. Kimoja. Kimoja.
Na kile kifungo. Akakitazama,
akakirudisha mahali pake, akapiga mwiko juu.
Ukuta umesimama, una tumbo,
mvua ikija kwa upande wa pwani
unatoka jasho.

Arafa ameandika: *1. jiwe laini.*
Mwalimu anataka namba.
Kalamu imesita kwenye mbili.
"Sasa hili la ndoo, Shangazi,
ni maana ya pili, au ni ile ile ya kwanza?"

Namwambia nisaidie kwanza kuchambua mchele.
Mawe yamo na humu.